Kibwengo Aliyeitika Naja

Mnusaji hakubisha hodi. Sheria ilikuwa imemsamehe adabu hiyo. Alipita barazani kwa Bi. Mwanamvua kwa miguu yake sita ya mpira, akaingia sebuleni, akainua pua yake ndefu mfano wa tarumbeta, akavuta hewa. Umbo lake lilikuwa kama la mbuzi, na kama mbuzi, hakuna mlango uliomshinda. Ndani ya pua ile mlijaa vinyweleo vya umeme vyembamba kuliko utando wa buibui, na kila kinyweleo kilijua harufu ya plastiki ya kila kiwanda, na umri wake, na mashine iliyoitoa. Kilichonuka halali alikipita. Kilichonuka mwigo alikigusa kwa ncha ya mkia, na mkia ule ulitoa moto baridi. Moto huo hauunguzi kitambaa wala hauchomi ngozi, lakini plastiki ikiguswa nao huyeyuka kama samli juani.

Siku ile aliyeyusha rafu nzima.

Mjini Tanga, kwenye nyumba zilizofumwa na mashine kwa katani, na barabara za sumaku ambazo magari huelea bila kugusa lami, watu walikusanya vitu vya kila namna. Bi. Mwanamvua alikusanya feki. Alikusanya visanamu vya Kibwengo wa Anga, yule shujaa mfupi mwenye macho ya bundi, kofia ya ukindu na mabawa ya panzi, ambaye hakuna mtoto wa Afrika Mashariki aliyelala bila yeye. Visanamu halali vilitengenezwa na kampuni moja tu, Tunu Anga. Bi. Mwanamvua hakutaka hata kimoja cha hivyo. Yeye alikuwa na Kibwengo mwenye macho matatu, Kibwengo aliyebandikwa mabawa kifuani, Kibwengo aliyeandikwa mgongoni KIBENGWO WA ANKA, na mmoja ambaye kiwanda chake kiliishiwa vichwa kikamvika cha simba. Aliwafuta vumbi kila Ijumaa na kuwaita wajukuu.

Sasa wajukuu walikuwa wakitiririka rafuni, rangi juu ya rangi.

"Wifi, mtukane basi!" alisema Bi. Siwema, dada wa marehemu mumewe, aliyesimama mlangoni na mwiko mkononi. "Umenyamaza kama uliyekula gundi."

"Mashine haitukaniki," alijibu Bi. Mwanamvua. "Namsubiri mwenye nayo."

Mnusaji alipomaliza, aligeuka na kusema kwa sauti ya mwanamume aliyeshiba: "Asante kwa kulinda asili. Mwigo ni wizi, na mwizi hana jina."

Hiyo haikuwa sauti ya mashine. Ilikuwa ya Gervas Ntalima mwenyewe, mkurugenzi wa Tunu Anga. Aliipenda sauti yake mno hata akawatia Wanusaji wote, mashine ambazo kampuni yake iliiuzia serikali.

Bi. Mwanamvua alingoja hadi miguu ya mpira isisikike tena. Kisha akaenda jikoni, akashusha kopo la karafuu. Pua ya Mnusaji ilijua mengi, lakini mbele ya karafuu za Pemba hata pua ya serikali hulewa. Akaingiza mkono, akamtoa Kibwengo mmoja mdogo, aliyepauka, bawa lake moja likiwa limeshikizwa kwa uzi wa katani. Akampuliza usoni.

"Shaweji wee!" akaita. "Wali wapoa!"

Macho ya bundi yakawaka. "Naja, mke wangu," likajibu lile domo dogo. "Naja."

Bi. Siwema aliketi palepale sakafuni. "Alhamdulillahi. Kaka yangu yupo."

Fundi Shaweji ndiye aliyemtunga Kibwengo. Hilo mtaa mzima ulilijua, na mtaa mzima ulikuwa umechoka kulisema. Alimchonga kwanza kwa mti, akamtengenezea kalibu, akamimina humo plastiki ya ndoo zilizopasuka. Kisha akamtia bongo-sauti, kifaa kidogo kama punje ya kunde ambacho hujifunza kusema kwa kusikiliza, kama mtoto. Akakiacha kikisikiliza karakanani kwake miezi na miezi. Lakini karakana ilipakana na jiko. Kila adhuhuri mkewe aliita, "Shaweji wee! Wali wapoa!" na kila adhuhuri Shaweji aliitika, "Naja, mke wangu, naja," huku akiendelea na kazi. Bongo-sauti likasikia, likashika. Somo lake la kwanza duniani likawa kuitika wito wa Mwanamvua.

Kisha akaja kijana mmoja mwenye viatu vya kung'aa, akasifu sana, akanunua Kibwengo mmoja kama zawadi ya mpwa wake. Kijana huyo alikuwa Ntalima. Mwaka haukuisha, Kibwengo akasajiliwa kwa jina la Tunu Anga, na chini ya Sheria ya Asili na Mwigo, aliyesajili ndiye asili mpaka mtu athibitishe vingine. Mnusaji wa kwanza kabisa kutembea Tanga aliingia karakanani kwa Shaweji. Picha ya fundi ikatundikwa kwenye kuta-picha za mjini, kila moja kubwa kama uwanja wa mpira, chini yake pameandikwa MWIGAJI. Shaweji aliacha kutoka nje. Akaacha kula. Alipokufa, waliomzika walipita chini ya uso wake.

Alibaki yule mmoja wa kwenye kopo. Mkewe alipoanza kununua feki, watu walidhani ni uchizi wa ujane. Kumbe mumewe alikuwa ameitwa feki, naye akaamua kuwapenda feki wote.

"Nampeleka mahakamani," alisema sasa Bi. Mwanamvua.

"Nani?"

"Huyu."

Bi. Siwema aliinuka na mwiko wake. "Una wazimu weye! Ukishindwa, Mnusaji wa mahakama atamyeyusha mbele ya macho yako. Ukishinda, atakuwa Asili. Na Asili hufungiwa kwenye kioo kisicho na hewa, hewa isije ikala plastiki, wala sauti isije ikamfundisha neno jipya. Hagusiki, hasemeshwi, mpaka kiama. Ukishindwa umempoteza, ukishinda umempoteza. Hiyo kesi au mazishi?"

"Ni kisasi."

"Kisasi chako, sauti ya kaka yangu!"

"Na ya mume wangu."

"Mume hupatikana mwingine," Bi. Siwema alisema, akijua anauma. "Kaka hanunuliwi."

"Basi mbona hukuninunulia huyo mume mwingine, nawe umekaa kwangu unanilia mchele?"

Wakatazamana. Kwingine maneno hayo yangevunja nyumba. Baina ya mawifi yalikuwa salamu tu, na Bi. Siwema alicheka kidogo bila kutaka. Lakini Bi. Mwanamvua hakucheka. Alikuwa akitazama ile rafu, na matone ya mwisho ya plastiki yakidondoka kutoka kwa yule mwenye kichwa cha simba.

Siku ya kesi mahakama ilifurika. Watoto walikuja na Vibwengo vyao mabegani, maana Tunu Anga ilitangaza kwamba ni siku ya kumtetea shujaa wao. Kesi ilirushwa kwa mawimbi mpaka vijijini. Ntalima, mvi zikiwa zimempendeza, hakuajiri wakili wa mashine wala wa nyama. Alijitetea mwenyewe, apate kusikika.

"Mheshimiwa," alimwambia Jaji Felista Mbwambo, "Kibwengo anajulikana kwa ukelele wake wa vita. Anaporuka husema, NAJA! Watoto wote wanaujua."

"Naja!" wakapayuka watoto, na Vibwengo vyao pamoja nao.

"Hilo ni neno la kitaalamu. Ni kifupisho. Nguvu, Ari, Juhudi, Amani. Jopo langu lilifanya utafiti wa muda mrefu kulipata."

"Wangekuja Tanga wangelipata jikoni!" alipaza sauti Bi. Siwema kutoka kwenye mabenchi.

Watu wakaangua kicheko. Jaji akagonga meza. "Mama, nyamaza, au utatolewa nje."

"Nimenyamaza, Mheshimiwa. Mdomo tu ndio haujapata habari."

Waliocheka walikuwa wazee. Vijana walitazamana. Enzi hizo watu walikuwa wamezoea kuongea na milango, na magari, na majiko, na mashine hizo zilifundishwa "ninakuja" peke yake. Aliyesema "naja" hakufunguliwa mlango. Neno likafa midomoni mwa watu likabaki kwa Kibwengo, na mtoto aliyelipiga kelele hakujua kwamba anaahidi kufika.

Wakati wa mapumziko Ntalima aliwafuata wanawake wale wawili ukumbini. Alikuja bila walinzi, kwa upole.

"Bi mkubwa, sote ni watu wazima. Ondoa kesi. Nitakiandikisha kisanamu chako kuwa feki yenye msamaha. Utakaa nacho nyumbani, utaongea nacho utakavyo, na hakuna Mnusaji atakayekanyaga kizingiti chako. Si ndicho unachokitaka?"

Ndicho alichokitaka. Alikiomba katika kila sala tangu azike. Bi. Siwema alimshika mkono kwa nguvu. "Kubali, wifi. Nakusihi. Kubali twende zetu nyumbani."

Bi. Mwanamvua alimwangalia Kibwengo kwenye mkunjo wa kanga yake. Angekubali, wallahi, laiti Ntalima angejua kunyamaza. Lakini mtu mwenye sauti nzuri hajui pa kukomea.

"Utie sahihi tu kwamba marehemu aliiga," aliongeza. "Marehemu haumwi."

"Marehemu haumwi," alisema Bi. Mwanamvua taratibu. "Mie naumwa. Rudi ndani, baba, ukae kitini. Nataka uwe umekaa."

Ndani, Ntalima aliweka mezani Sanamu Mama, kisanamu kinachohesabiwa kuwa mzazi wa vingine vyote, juu ya kigoda cha dhahabu. Kando yake akawekwa yule aliyepauka wa kopo la karafuu. Mnusaji wa mahakama akanusa huku, akanusa kule, akatangaza kwamba plastiki ya yule aliyepauka ndiyo kongwe. Mabenchi yakanong'ona. Ntalima hakutikisika.

"Plastiki kongwe huokotwa jalalani, Mheshimiwa. Sheria inadai mwili na sauti. Mwili ni mzee, sawa. Sauti imepachikwa juzi. Mjane amenakili neno letu akalitia kwenye ndoo ya mumewe."

Jaji alitikisa kichwa taratibu, kama mtu asiyependa anachotaka kusema. "Bi. Mwanamvua, kabla sijaamua. Una neno?"

Aliyoyaandaa yote yalikuwa yamemtoka. Alisimama, akajifunga kanga kiunoni, na ilikuwa adhuhuri, na mwili wake ulizoea kitu kimoja tu saa hiyo.

"Sina neno, Mheshimiwa. Nina mume wa kumwita."

Hakumgeukia Kibwengo wake. Alimgeukia yule wa dhahabu. Akaweka mkono kando ya mdomo, kama anayeita kuvuka ua, akavuta pumzi.

"Shaweji wee! Wali wapoa!"

Macho ya Sanamu Mama yakawaka. "Naja!" ikaitika.

Kisha kule kwenye mabenchi, bila mtoto yeyote kufungua kinywa, Vibwengo vyote vikaitika: "Naja!" Na nje ya dirisha, madukani, barabarani, kwenye magari yanayoelea: "Naja!" Na kwa kuwa wito ulirushwa kwa mawimbi, ukafika kila penye Kibwengo. Korogwe wanafunzi waliruka madawatini. Kisumu maharusi wawili walikatizwa nadhiri na Vibwengo walivyozawadiwa. Na wapo wanaoapa mpaka leo kwamba ndani ya chombo kilichokuwa njiani kwenda mwezini, Kibwengo wa rubani aliyefungwa juu ya usukani aliitika "Naja!" na chombo kikaanza kugeuza pua kurudi duniani.

Ntalima alikuwa ameiba bongo-sauti zima, akalisafisha, akafuta sauti ya mke kama mtu anavyopembua mchele, na "mke wangu" akalikata kwa kuwa haliwafai watoto. Hakujua kwamba bongo-sauti ni kama mtu. Ukilifuta la juu, somo la kwanza hubaki chini.

Wa mwisho kuitika alikuwa yule aliyepauka, maana mashine zake zilikuwa nzee.

"Naja, mke wangu," alisema. "Naja."

Bi. Siwema alijifunika uso kwa kanga.

"Mkurugenzi," Jaji Mbwambo aliuliza, "hebu nieleze. Nguvu, Ari, Juhudi na Amani zinamwitikia mama huyu kwa sababu gani?"

Hukumu ilikuwa fupi. Kisanamu cha Fundi Shaweji kikatangazwa Asili. Sanamu Mama ikawa mwigo, na kwa mwigo sheria ni moja. Mnusaji akapanda mezani, akanyoosha mkia, na shujaa wa dhahabu akashuka kigodani kama samli. Kisha Mnusaji akamgeukia Ntalima, akamwambia kwa sauti ya Ntalima mwenyewe: "Asante kwa kulinda asili. Mwigo ni wizi, na mwizi hana jina."

Bi. Mwanamvua alisikia utamu ukimshuka kooni mpaka tumboni.

"Mwenye Asili anayo haki juu ya visanamu vyote vya mwigo," aliendelea jaji. "Viyeyushwe vyote, au viishi kwa sharti lako. Sema."

Watoto walikumbatia Vibwengo vyao. Mmoja akaanza kulia. Ntalima akapiga magoti, magoti ya kweli, juu ya plastiki iliyokuwa haijapoa. "Mama. Mama yangu. Kampuni nzima itakwisha. Nihurumie."

"Watoto hawana kosa," alisema Bi. Mwanamvua. "Viishi. Ila kila Kibwengo, kila aamkapo, kabla hajasema jingine lolote, aseme hivi: Mimi niliibwa na Gervas Ntalima kwa Fundi Shaweji wa Tanga. Kwa sauti hiyohiyo anayoipenda. Na jina alitaje lote."

"Mpaka lini?" aliuliza karani.

"Watoto wapo mpaka lini?"

Jaji aliuma midomo asicheke. "Sheria inaruhusu sharti lolote lisilo la uongo. Nami sioni uongo." Akagonga meza. Agizo likapaa kwa mawimbi saa ileile.

Kisha mlango wa pembeni ukafunguka, na mtunza-asili akaingia akisukuma sanduku la kioo. Alikuwa roboti mrefu, mwenye mikono laini kama ya mkunga, na adabu za kutosha.

"Mmiliki anaruhusiwa kumsikia mara ya mwisho," alisema. "Baada ya hapo hewa itatolewa."

Bi. Siwema alitangulia. Aliinama juu ya sanduku lililo wazi. "Kaka! Kaka Shaweji! Ni mimi, Siwema!"

Kibwengo alilala kimya. Wakati bongo-sauti linajifunza, Siwema alikuwa ameolewa Korogwe. Sauti yake haikumo.

"Hanijui," alisema, akajikaza. "Mwite weye, wifi. Mara moja tu, nimsikie."

Bi. Mwanamvua alirudi nyuma hatua moja kutoka sandukuni.

"Mwite!"

"Nikimwita atasema naja."

"Si ndilo ninalolitaka! Na aseme!"

"Shaweji hajaniambia uongo hata siku moja," alisema Bi. Mwanamvua. "Alichelewa, lakini alikuja. Sitamfundisha uongo leo."

"Sasa hivi ulimwita mbele ya dunia nzima, kwa ajili ya Ntalima," alisema Bi. Siwema. "Kwa ajili yangu hutaki."

Hakukuwa na utani ndani ya maneno hayo. Akajifunga kanga yake vizuri, akatoka bila kumsubiri.

Mtunza-asili akashusha mfuniko. Hewa ikatoka kwa mlio mwembamba, kama wa birika linaloanza kuchemka, kisha ukakatika.

Nje, agizo lilikuwa limevifikia Vibwengo. Kibwengo wa kwanza alisema barabarani, kwa ile sauti ya mtu aliyeshiba: "Mimi niliibwa na Gervas Ntalima kwa Fundi Shaweji wa Tanga!" Wa pili akasema, wa kumi, wa mia. Mtaa ukalipuka kwa kicheko. Watu walikuwa wakimzomea Ntalima akikimbilia gari lake, na gari lenyewe, ambalo lilikuwa na Kibwengo kwenye kioo cha mbele, likamtajia jina lote alipofungua mlango. Bi. Mwanamvua aliyaona hayo yote kupitia dirishani. Ndiyo aliyoyaota miaka na miaka, na yalikuwa matamu kuliko alivyoyaota, naye akacheka mpaka machozi yakamtoka, akijishika mbavu, akageuka haraka kumsimulia mwenziwe.

"Shaweji wee!" akaanza. "Ungemwona alivyopiga magoti..."

Macho ya Kibwengo hayakuwaka.